Maji hayaachi alama: msalani Gede kabla ya karatasi

Wageni ninaowatembeza kwenye magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, hupita chooni harakaharaka wakawahi kupiga picha lango la jumba la mfalme. Mimi huwarudisha. Karatasi ya chooni ya kununua dukani ilianza kuuzwa na Joseph Gayetty huko New York mwaka 1857. Sasa hawa wa Gede, mji uliostawi karne nyingi kabla yake, walijisafisha kwa kitu gani?

Kwa maji. Tabu yake kwetu wanaakiolojia ni kwamba maji hayaachi alama. Huko Uchina, kwenye kituo cha wasafiri cha Xuanquanzhi katika Njia ya Hariri, chooni vilifukuliwa vijiti vya kujifutia vilivyozungushiwa kitambaa, vyenye umri wa miaka 2,000 hivi. Kinyesi kilikuwa bado kimegandia. Uchunguzi uliotolewa 2016 ulikuta humo mayai ya minyoo ya ini inayoishi nchi za majimaji, na kituo chenyewe kiko ukame mtupu! Kumbe msafiri alikuja nayo tumboni kutoka mbali.

Gede hatuna kijiti, basi tunasoma ujenzi. Kwenye vyoo vya nyumba za mawe, ambazo James Kirkman alianza kuzichimbua 1948, kuna shimo na kando yake mahali pa kunawia palipojengwa makusudi. Fundi hahangaiki kujenga mahali pa kuchambia kama hakuna anayechamba. Lamu nako, kwenye birika la msalani, yaani tangi la maji lililojengwa, lilitiwa bakuli la kauri la Kichina chini kabisa, na samaki wadogo wakafugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mimi hilo bakuli hunifurahisha kuliko lango lolote.

Kustanji, yaani kujisafisha baada ya haja, kwa mawe nako kuliruhusiwa na dini ya Kiislamu: yasipungue matatu, isiwe kwa mfupa wala samadi, wala kwa mkono wa kulia.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331. Akaandika kwamba kila msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili, na maji yalichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini wa dhiraa moja. Yalikuwa maji ya kutawadhia, lakini chombo hicho nakijua: ni kata. Ya bibi yangu ilikuwa ya kifuu cha nazi, na ilining'inia ukutani karibu na mtungi.