Ndege Inafika Haraka, Mzigo Unakwama Chini

Waridi linakatwa Naivasha, linaingizwa kwenye baridi, linapanda lori mpaka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, halafu ndege inalibeba kwa masaa kama 8 hivi hadi Schiphol, uwanja wa Amsterdam. Masaa 8 tu! Sasa mbona likifika dukani limeshamaliza siku kadhaa njiani? Muda mwingi unaliwa chini, sio angani, unaliwa ghalani, kwenye foleni ya malori, kwenye kusubiri makaratasi, na hapo ndio sisi watafiti wa lojistiki tunapoelekeza nguvu.

Hebu hesabu mikono: mkulima, wakala wa kusafirisha mizigo, dreva, watu wa ghala la uwanjani, shirika la ndege, forodha, wakaguzi wa mimea, na upande wa pili karibu wote hao tena. Kila mtu ana sistimu yake, anaingiza upya taarifa zilezile. Namba ya eawei bili, yaani hati ya mzigo wa ndege, angalau inajilinda, ina tarakimu 11, 3 za mwanzo ni za shirika (706 Kenya Airways, 074 KLM), na ya mwisho ni ya kukagua: chukua zile 7 za katikati, gawa kwa 7, kinachobaki kinaandikwa mwisho. 1234567 inabakiza 5. Ukikosea, mara nyingi kompyuta inakushtua. Lakini idadi ya maboksi haina ulinzi huo, ukiandika 48 badala ya 84 inapita tu mpaka mtu aje ahesabu kwa mkono, na maua yanasubiri.

Makaratasi nayo yana historia ndefu. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa usafiri wa ndege wa kimataifa, unakubali rekodi za kielektroniki, ila imefika Januari 1, 2019 ndio IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ikaifanya eawei bili ya kielektroniki kuwa ya kawaida kwenye njia zinazoiruhusu. Karibu miaka 20 jamani, na kompyuta zilikuwepo muda wote huo. Kwa maoni yangu kilichochelewa ni kuaminiana.

Ndio maana napenda sana mfano wa Schiphol. Zamani kila wakala alituma lori lake kuchukua mzigo, lori nusu tupu, foleni mlangoni. Watafiti, maghala na mawakala wakakaa pamoja wakajaribu mtindo wa lori la maziwa, lile la ushirika linalopita kila kituo kukusanya madebe: lori moja linabeba mizigo ya mawakala kadhaa, tena wanaoshindana kibiashara! Malori yakapungua, yakajaa vizuri zaidi. Ila haiwezekani kama ghala halisemi mapema mzigo upi uko tayari, kwa hiyo data ilibidi ishirikishwe, na nani anaona nini wakakubaliana kwanza, programu ikafuata. Uwanja wa ndege wa Brussels nao una apu ya dreva kubuku muda wa kufika ghalani. Na sasa IATA inasukuma ONE Record, yaani mzigo uwe na rekodi moja ya kidijitali, kila mhusika asome hapohapo bila kuingiza upya.

Wewe mkulima au wakala usikimbilie kununua sistimu. Chukua shehena yako ya wiki hii, andika saa ilipofika kila kituo na saa ilipoondoka, halafu mpelekee mwenye ghala mkae muangalie pamoja.