Kovu la tumbo halimnyimi mtu upasuaji wa matundu

Wiki iliyopita amekuja mama mmoja kutoka Wete, Pemba. Kavuka kwa boti, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye picha za altrasaundi na karatasi ya zamani ya kuruhusiwa hospitali, imechanika mikunjoni. Ana mawe ya nyongo, na mimi mfuko wa nyongo nautoa kwa matundu, yaani kwa kamera na vyombo vinavyopita vitobo vidogo vya tumboni. Kabla sijamwomba alale kitandani, kanambia: "Mwanangu, mimi nipasue tu. Nishaambiwa mwenye kovu la tumbo hatolewi nyongo kwa matundu."

Neno hili nimelisikia mara nyingi mno. Mgonjwa simlaumu. Linaloniudhi ni kwamba kaambiwa na mtu wa afya, tena kwa kutazama ngozi peke yake.

Ngozi hainiambii kitu. Mimi naitaka ile karatasi. Kovu lile lile, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, laweza kuwa la kidonda kilichotoboka kikazibwa kwa kipande cha pazia la mafuta, au la mfuko wa chakula uliokatwa nusu ukaungwa na utumbo mdogo. Hizo ni operesheni mbili zisizofanana hata kidogo. Kovu la kujifungulia, kule chini, liko mbali na ini. Hilo halinikoseshi usingizi.

Na wenye kovu la juu pamoja na mawe ya nyongo si wachache. Aliyekatwa mfuko wa chakula huwa mwepesi wa kupata mawe ya nyongo: mshipa wa fahamu uitwao vagasi ukikatwa, mfuko wa nyongo haukamuliki vizuri, chakula kisipopita dodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, homoni ya kuuamsha hupungua, na kukonda haraka huongeza. Nyongo inalala, inaganda.

Sasa naomba wenzangu wachanga wanivumilie hapa. Wamefundishwa kwamba penye kovu la katikati, sindano ya gesi ya kulijaza tumbo iingie pointi ya Palmer, sentimita 3 hivi chini ya mbavu za kushoto. Raoul Palmer alikuwa daktari wa wanawake, Ufaransa, na makovu ya wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida yako chini, kwa hiyo juu kushoto palikuwa salama. Kwa aliyepasuliwa mfuko wa chakula, juu kushoto ndipo penyewe! Ndipo kipande kilichobaki kiliposhikana na ukuta wa tumbo, pengine pamoja na utumbo mpana. Unachoma bila kuona, mahali pabaya kuliko pote. Mimi nafungua kwa macho, njia aliyoieleza daktari Hasson mwaka 1971: nakata kidogo chini ya mwisho wa kovu au pembeni kulia, tabaka kwa tabaka, nazungusha kidole, ndipo naingiza troka butu, bomba la kupitishia kamera. Gesi kwa presha ya milimita 12 za zebaki, na kamera.

Ndani, mshikamano, yaani utando unaogandisha viungo baada ya operesheni, mwingine unabanduka kama nyama ya dafu, unausukuma tu. Mwingine ni nazi iliyokomaa. Gesi yenyewe inasaidia, inauvuta utando mpaka katikati pake panaonekana peupe kama sufi, na hapo ndipo pa kukata. Nakata ule ulionizibia njia, uliobaki nauacha. Karibu na utumbo natumia mkasi mtupu, bila umeme. Utumbo uliounguzwa waweza kuonekana mzima leo, ukatoboka baada ya siku kadhaa, na mgonjwa yuko kwao Pemba, boti ya mwisho imeshaondoka.

Chini ya ini ndipo penye kazi. Kiraka cha zamani huvuta dodenamu hadi kwenye shingo ya mfuko wa nyongo, ukadhani ni kitu kimoja. Sheria ya daktari Strasberg ya mwaka 1995 siivunji: mafuta yote yaondolewe, sehemu ya chini ya mfuko ibanduliwe kwenye ini, vionekane vitu viwili tu vinavyoingia mfukoni, mrija wake na mshipa wake wa damu. Nisipoviona, siweki klipu, kile kibano cha kuvifungia. Naacha kipande cha chini cha mfuko, au nafungua tumbo.

Lini nifungue? Hapa sina jibu la uhakika. Nikiona sisogei, nafungua, lakini "kutosogea" nakupima kwa moyo zaidi kuliko kwa saa. Altrasaundi haiwezi kunambia mapema mshikamano ni wa dafu au wa nazi. Niliowaogopa wamepita laini, na wembamba wenye kovu dogo wamenitoa jasho.

Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo iliyomo damuni, na upana wa mrija mkuu wa nyongo, tafadhali, vipimwe kabla. Mwenye utumbo uliounganishwa upya akiwa na jiwe mrijani, kamera ya kupitia mdomoni huenda isilifikie.

Karatasi ya yule mama ilisema: tundu la dodenamu, limezibwa. Nikamwambia, "Mama, nitaanza kwa matundu. Kumalizia kwa matundu sikuahidi."

"Na nikiamka nikakuta mshono mkubwa?"

"Basi ujue nimeona kitu sikukiamini, nikafungua ili nikuone vizuri."

Akafikiri kidogo. "Haya. Lakini karatasi yangu nirudishie."

Nikaipiga picha, nikaikunja taratibu kwa mikunjo yake ile ile, nikamrudishia.