Disenta ni nani? Titus Salt na neno linalotumiwa visivyo

Nimelisikia neno hili likitumiwa visivyo mara nyingi mno. Mtu akitaja kwamba Titus Salt, mwenye viwanda vya sufu wa Bradford na mhisani mashuhuri wa enzi ya Malkia Victoria, alikuwa disenta, wasikilizaji hudhani kwamba alikuwa ameiacha dini, au kwamba alikuwa na ugomvi wake binafsi na maaskofu, au kwamba alikuwa mwanasiasa wa upinzani aliyejifunika vazi la ucha Mungu. Yote matatu si kweli. Kwa ufupi, disenta alikuwa Mprotestanti wa Uingereza aliyekuwa nje ya Kanisa la Uingereza, yaani kanisa lililofanywa na sheria kuwa kanisa la dola, lenye mfalme au malkia kama mkuu wake na maaskofu wanaoketi Bungeni. Wabaptisti, Wakongregeshonali, Wakweka, Wayunitari na Wapresbiteri wa upande wa Uingereza walihesabiwa humo. Wakatoliki walikuwa na sheria nyingine za kuwabana, na kwa kawaida neno hili halikuwahusu.

Fasili yenyewe ndiyo hiyo, na haihitaji maneno mengi. Kinachohitaji maneno ni kueleza kwa nini inatuponyoka. Nadhani sababu ni kwamba wengi wetu tumekulia katika nchi zisizo na kanisa la dola: Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya, kwa mfano, inatamka wazi kwamba hakuna dini ya taifa. Palipo hivyo, Mwanglikana, Mbaptisti na Mpentekoste husimama mbele ya sheria kwa usawa, na anayehama kutoka kanisa moja kwenda jingine huwahuzunisha wazazi wake lakini hapotezi haki yoyote. Disenta hawezi kuwapo katika mazingira kama hayo, kwa kuwa hakuna kanisa ambalo sheria inamtarajia awe ndani yake. Basi msomaji, akikosa mahali pa kulipachika neno, hulipachika kwenye jambo analolijua, yaani uasi.

Mzizi wa neno ni kitenzi cha Kilatini sentire, ambacho maana yake ni kuhisi au kuwa na rai, na kiambishi kinachotangulia kinaashiria kutengana. Disenta ni mwenye rai iliyojitenga. Lakini rai kuhusu nini? Hapo ndipo watu huteleza. Sheria ya Ulinganifu ya mwaka 1662, iliyotungwa baada ya ufalme kurejeshwa Uingereza, ilimtaka kila mchungaji aseme hadharani, mbele ya usharika wake, kwamba anakubali na kuridhia bila unafiki yote yaliyomo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Maneno ya Kiingereza yaliyotumiwa katika tamko hilo la kukubali na kuridhia yana mzizi huo huo wa sentire. Wale ambao dhamiri hazikuwaruhusu kulitamka walipaswa kuondoka katika nyadhifa zao ifikapo tarehe 24 Agosti 1662, na tukiwahesabu pamoja na walioondolewa katika miaka miwili iliyotangulia, walifika takriban 2,000. Hawakuwa wameikana Injili. Wengi wao walijiona wakiishika kwa ukali kuliko wale waliobaki, na walichokataa ni dola kuwaamrisha maneno ya ibada.

Kwa hiyo disenta hupimwa kwa umbali wake na sheria, na wala hapimwi kwa umbali wake na Mungu. Neno nonkonfomisti, ambalo wengine hulitumia kana kwamba linataja kundi jingine, kwa karne ya 19 lilikuwa na maana ile ile, ingawa mwanzoni mwa karne ya 17 lilimhusu mtu aliyebaki ndani ya kanisa la dola huku akikataa baadhi ya taratibu zake. Kuelekea mwisho wa enzi ya Victoria, wenyewe walianza kupendelea jina la Makanisa Huru, labda kwa kuchoka kutajwa daima kwa kile wasichokuwa.

Uthibitisho mzuri zaidi kwamba suala hili ni la kisheria unapatikana Scotland. Huko kanisa lililotambuliwa na sheria lilikuwa la Kipresbiteri, hivyo Mpresbiteri aliyekuwa disenta mjini London alikuwa muumini wa kanisa rasmi mara tu alipovuka mpaka na kufika Edinburgh, ilhali Mwanglikana aliyeandamana naye alikuwa amebadilika njiani kuwa mtu wa nje. Malkia Victoria mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, alisali na Wapresbiteri katika kanisa la Crathie alipokuwa Balmoral, makao yake ya Scotland. Imani ya mtu ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni sheria ya mahali.

Sasa tumrudie Salt. Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1803 huko Morley, karibu na Leeds, akalelewa miongoni mwa Wakongregeshonali, wanaoshikilia kwamba kila usharika hujitawala wenyewe bila askofu. Sheria zilizokuwapo alipozaliwa zilidai kwamba mwenye kushika wadhifa katika halmashauri ya mji au utumishi wa mfalme apokee Ushirika Mtakatifu kwa taratibu za Kanisa la Uingereza. Makali ya sheria hizo yalikuwa yamepunguzwa kwa misamaha ya mara kwa mara, lakini zilifutwa mwaka 1828 tu, Salt akiwa na miaka 24. Mpaka sheria ya ndoa ya mwaka 1836 ilipopitishwa, disenta aliyetaka ndoa yake itambuliwe alilazimika kufungishwa na kasisi wa Kianglikana, isipokuwa Wakweka, ambao pamoja na Wayahudi waliachiwa taratibu zao. Chuo Kikuu cha Oxford kilimtaka mwanafunzi atie sahihi misingi ya imani ya Kianglikana kabla hata ya kuandikishwa, na sharti hilo halikulegezwa hadi mwaka 1854. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya kanisa, iliyotozwa kwa ajili ya kutunza jengo la parokia, ambayo disenta alidaiwa kama jirani yake ingawa yeye alikuwa akichangia jengo lake mwenyewe mtaa wa pili.

Mtu aliyefungiwa milango hiyo alibakiwa na milango ya biashara. Maelezo hayo hupendwa sana, na yana ukweli ndani yake, lakini yasivutwe kupita kiasi, kwani madisenta wengi walikuwa mafundi, wafumaji na wenye maduka madogo ambao hawakutajirika kamwe, na matajiri wa Kianglikana hawakukosekana viwandani. Salt alitajirika kwa sababu aliona thamani ya sufu ya alpaka, mnyama wa Peru, wakati wenzake walipoitilia shaka, akatafuta namna ya kuisokota pamoja na nyuzi nyingine ikatoa kitambaa chepesi chenye mng'ao. Mwaka 1848 akawa meya wa Bradford, mji uliokuwa umejaa moshi na maradhi, na tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50, akafungua kiwanda kikubwa kando ya mto Aire. Kukizunguka kiwanda hicho akajenga kijiji cha Saltaire, chenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, bafu na nyumba za wazee, lakini bila kilabu cha pombe. Kanisa lililokamilika mwaka 1859, linalotazamana na kiwanda, ni la Wakongregeshonali, na Salt amezikwa hapo. Wamethodisti pia walipewa kiwanja. Je, hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyeiacha dini?

Mwaka huo huo wa 1859 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bradford kwa tiketi ya chama cha Liberali. Hakuwa msemaji, na afya ilimshinda akajiuzulu mapema mwaka 1861. Hata hivyo, miaka hiyo miwili inaonyesha vizuri siasa za madisenta zilivyokuwa: hawakutaka kuupindua utawala, walitaka kuondolewa mizigo inayotajika mmoja mmoja. Muswada wa kufuta kodi ya kanisa ulipitishwa na wabunge zaidi ya mara moja ukakataliwa na Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge, na mwezi Juni 1861, miezi michache baada ya Salt kuondoka, kura zililingana, 274 kwa 274, Spika akaamua kwa kura yake dhidi ya muswada. Ulazima wa kodi hiyo ulifutwa mwaka 1868. Mwaka uliofuata Salt akapewa na Malkia baroneti, yaani cheo cha heshima cha kurithiwa, akakipokea. Huyo ndiye anayeitwa muasi.

Aliyerithi kiti chake Bradford, W. E. Forster, anafaa kutajwa kwa sababu wengi humwita disenta bila kufikiri. Forster alizaliwa katika familia ya Wakweka na alikuwa mwenye kiwanda cha sufu, lakini jumuiya yake ilimtoa mwaka 1850 kwa kumwoa mwanamke asiyekuwa Mkweka, naye akaingia Kanisa la Uingereza. Sheria yake ya elimu ya mwaka 1870 iliwaudhi madisenta vibaya, kwa kuwa iliruhusu fedha za umma kulipia karo za watoto maskini katika shule za makanisa, ambazo nyingi zilikuwa za Kianglikana. Kwa upande wa pili, William Wilberforce, mpinzani wa biashara ya utumwa, na Lord Shaftesbury, aliyepigania saa za kazi za watoto viwandani, hutiwa mara kwa mara katika orodha ya madisenta kwa sababu tu walikuwa Wakristo wenye bidii waliotaka mabadiliko. Wote wawili walikuwa Waanglikana mpaka kufa. Nao Wamethodisti wana shauri lao: John Wesley alifariki mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kanisa la Uingereza, na wafuasi wake wengi kwa muda mrefu hawakupenda kuitwa madisenta, hata walipokuwa na makanisa yao kamili.

Tofauti hii ilifika hadi kwetu, ingawa vitabu vya shule huifunika kwa jina moja la wamisionari Waingereza. Waliojenga kanisa la Mkunazini, Unguja, walikuwa Waanglikana. Waliofika Ujiji mwaka 1878 na Urambo kwa mtemi Mirambo mwaka 1879 walitumwa na Jumuiya ya Misioni ya London, iliyotegemezwa zaidi na sharika za Wakongregeshonali, yaani watu wa aina ya Salt.

Kwa hiyo ningewaomba wanaoandika kuhusu watu hawa wasiondoe neno disenta, kwa sababu halina mbadala mzuri, ila waliongezee maneno machache linapotajwa mara ya kwanza: Mprotestanti aliye nje ya kanisa la dola. Na pale wanapotaka kusema kwamba mtu fulani aliikataa dini, au aliipinga serikali, Kiswahili kinayo maneno ya kusema hayo moja kwa moja, na Salt hahusiki nayo.