"Mbona hakukataa?"

Mwezi ukianza kuwaka dagaa hawavuliki, wavuvi wanarudi nyumbani kupumzika, na benchi la nje ya chumba changu linajaa. Hapa Kigoma ndivyo ilivyo: siku za giza mume yuko ziwani, siku za mbalamwezi yuko kitandani kwake, na amekuja na simu yenye mambo aliyorushiwa na wenzake kambini. Baada ya wiki moja wawili hao wako mbele yangu, kila mmoja anatazama upande wake.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa ni ushauri nasaha kwa wenza. Watu wazima wakitaka kujaribu mambo mapya chumbani hawanishangazi. Kufungana kitambaa machoni, kufungana mikono, kuigiza, mmoja kuamrisha na mwingine kutii, hayo ni yao na mlango wao. Kinachonichosha ni sentensi moja, ambayo mwezi huu peke yake nimeisikia mara tatu: "Mbona hakukataa?"

Wa mwisho kuitamka alikuwa kijana wa mwalo wa Kibirizi (mambo ya kuwatambulisha nimeyabadilisha). Kijana wa adabu kabisa. "Shikamoo mama," akakaa, akavua kofia, akaeleza bila kuzunguka. Aliona kitu kwenye simu, akamfunga mkewe mikono kwa kanga, mambo yakaendelea. Tangu siku hiyo mke analala chumba cha watoto. "Mama, mimi sikumlazimisha. Alinyamaza tu. Angesema hapana, ningeacha palepale."

Nikamgeukia mke. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga aliyojitanda. Nikamuuliza, pale uliponyamaza ulikuwa unawaza nini?

"Nilikuwa nahesabu misumari ya bati," akasema. "Upande wa dirishani iko 31."

Mume akamtazama kama mtu aliyeambiwa habari za nyumba ya jirani.

Basi tuanzie hapo, kwenye kimya. Ninapofanya kazi Ujiji, wanaume hunijibu kwa dini: "Nesi, si tumefundishwa kwamba idhini ya mwali ni kunyamaza kwake?" Mimi si sheikh, lakini hadithi hiyo hata mimi naijua, na inahusu kuozwa. Tena kabla haijataja kimya imeshasema asiozwe mpaka aombwe idhini. Yaani kuna kuulizwa kwanza. Anaulizwa mchana, na watu wake, amevaa nguo zake, miguu iko huru kuondoka. Wewe umeichukua ile nusu ya pili, ukaiacha nusu ya kwanza mlangoni, ukaingia nayo chumbani saa sita ya usiku. Hiyo ni hesabu ya kujipendelea.

Somo, yaani kungwi, naye amechangia. Bibi harusi anafundwa siku mbili tatu: usimkatalie mume, usioneshe kwamba unajua, usioneshe kwamba unataka. Huku nje bwana harusi anaambiwa na rafiki zake kwamba mwanamke hapana yake ni aibu tu, kaza. Sasa jumlisha. Mmoja kakatazwa kusema ndiyo na kakatazwa kusema hapana, mwenzake kafundishwa kwamba lolote atakaloambiwa maana yake ni endelea. Halafu wanakuja kwangu wanashangaa kwamba hawaelewani.

Kuna na jambo la mwili ambalo wengi hawalijui. Tumezoea kwamba mtu akitishika atapigana au atakimbia. Lipo la tatu: kuganda. Ubongo unaona hatari, hauoni njia, unaufunga mwili. Misuli inakakamaa au inalegea, sauti haitoki, akili inakimbilia kwenye misumari ya bati. Hachagui mtu kuganda, kama asivyochagua kupepesa jicho mdudu akimjia usoni. Wala si lazima awepo mtu mwenye panga. Inatosha kushtukizwa, kushindwa kuchomoa mikono, na yule unayempenda ghafla ana sura usiyoijua. Kwa hiyo anayesema "angetaka angepiga kelele" anamdai mwenzake kitu ambacho mwili wake wakati ule haukuwa nacho.

"Lakini mwili wake uliitikia." Hili nalo huletwa kama ushahidi, kwa wanawake na kwa wanaume. Ukikata kitunguu macho yanatoa machozi, na hakuna anayekupa pole ya msiba. Mwili una majibu yake ya kuguswa, yanakuja hata kwa mtu aliyebakwa. Ridhaa inatoka kinywani, kwa mtu ambaye angeweza kukataa asipate hasara yoyote.

Hayo maneno ya hasara nayasisitiza. Mke mwingine aliniambia yeye alisema ndiyo, tena kwa sauti. Nikamuuliza ulipokataa mara ya kwanza kilitokea nini. Mume alinuna siku nne, hela ya matumizi ikawa haionekani mezani, na siku ya tano akamuuliza tena lile jambo. Ndiyo iliyotolewa ili watoto wapate mboga haina tofauti na kimya. Afadhali hata kimya, maana kinamtia mtu shaka.

Ushauri wangu ni uleule ambao wanaonijua wamechoka kuusikia: mambo ya usiku yajadiliwe mchana. Mkiwa mnachambua maharage, watoto wako shule, hakuna aliyevua kitu. Kila mmoja achukue karatasi yake aiandike sehemu tatu: ninayotaka, nisiyotaka, na labda. Andikeni mbalimbali, msichunguliane, ndipo mbadilishane. "Labda" ihesabiwe kuwa hapana mpaka mwenyewe aje kuitoa. Na swali liulizwe kwa namna ambayo hapana ina pa kupita: "Nimewaza tujaribu hivi, ukiona haikufai tunaacha na sitauliza tena." Halafu usiulize tena. Wateja wangu wengi hushindwa kwenye hicho kipande cha mwisho.

Mengine nitayapitia haraka.

"Alikubali mwanzoni, na juzi alikubali." Ya juzi ilikuwa ya juzi. Anaweza kukubali kufungwa macho akakataa kufungwa mikono, anaweza kukubali na katikati akabadili mawazo, na hadaiwi maelezo. Ukipanda mtumbwi ukaona ziwa limechafuka unaomba kurudishwa ufukweni, na mwenye mtumbwi hakwambii umeshalipa nauli.

"Mtu anayependa mambo hayo ni mgonjwa, au aliharibiwa utotoni." Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliondoa kwenye maradhi ya akili mapenzi ya kuumizana au kutiishana kwa hiari ya watu wazima. Lakini lilibakiza, chini ya jina jingine, hali ya mtu anayesisimkwa kwa kumtesa asiyeridhia. Mstari ulichorwa kwenye ridhaa. Kwa hiyo mke akikuletea fikra zake usikimbilie kumpeleka kwenye maombi, na mume akikuletea zake usianze kumtafutia mchawi.

"Neno la kusimamisha linaharibu utamu." Wanaosema hivi hawajawahi kulitumia. Kama mnacheza mchezo ambao ndani yake "hapana" ni sehemu ya maigizo, tena mmekubaliana hivyo mchana, lazima liwepo neno jingine ambalo likitamkwa kila kitu kinasimama, bila swali na bila lawama. Nchi nyingine hutumia rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha. Wenza fulani wa hapa mjini walichagua "Liemba", na mpaka leo nikiona ile meli bandarini nacheka peke yangu. Mdomo ukiwa umezibwa, mtu ashike funguo mkononi; zikianguka, mchezo umekwisha. Ila msipokuwa mmeafikiana neno lolote, basi hapana ni hapana, na "subiri" pia ni hapana, na kumsukuma mtu kifua pia.

Kwa wanaofungana: kati ya kanga na ngozi vidole viwili viingie, mkasi uwe karibu, na aliyefungwa asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda kufunga mlango. Akisema mikono inakufa ganzi, fungua sasa hivi, usisubiri kumaliza. Mishipa ya fahamu ya kifundo cha mkono ikibanwa inaweza kuchukua wiki nyingi kupona.

"Kukaba koo hakuna shida ukijua pa kushika." Hapa sicheki kabisa, na vijana ndio wananitisha. Hakuna pa kushika. Mishipa ya shingo inayopeleka damu kichwani ikibanwa, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10, yaani kabla hajapata nafasi ya kusema hilo neno mlilokubaliana. Mshipa unaweza kuchanika ndani pasiwe na alama hata moja nje, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye kwa binti wa miaka 24 asiye na presha wala sukari. Aliyekabwa akapata sauti ya kukwaruza, maumivu ya kumeza, kizunguzungu au kusahau kilichotokea, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme ukweli. Kwenye karatasi zenu, hili ninawaomba mliandike sehemu ya hapana kabla hamjaanza.

"Pombe inamtoa mtu aibu, ndipo anasema ukweli." Inamtoa aibu na inamtoa akili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, haiihesabu kuwa ridhaa ile iliyopatikana kwa vitisho, au kutoka kwa mwanamke aliyeleweshwa. Kama jambo mnaliweza tu mkiwa mmelewa, hamjaliweza.

"Mume hawezi kumbaka mkewe." Hapa wanaume wanaojua sheria huniwahi, na kwa maneno ya kifungu wako sahihi: hichohicho cha 130 kinamtaja mke aliyetengana na mumewe, anayeishi naye hakikumtaja. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, mila ziseme zinavyosema. Na kujeruhi ni kujeruhi, awe mke awe jirani. Kuna na lile jambo wanalouliza kwa kuzungukazunguka, la kinyume na maumbile: kifungu cha 154 kinalikataza hata kwa waliooana na hata wote wakiridhia, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Mke anayelikataa asiambiwe hajui mapenzi. Kusema kweli, mtu anayekuja kwangu kuniuliza sheria inamwachia afike wapi kabla hajamuuliza mkewe, nimeshajua kilichomleta.

"Mawese yanalainisha vizuri, ni ya asili." Hili si la ridhaa lakini niko Kigoma, nitalikwepaje. Mawese, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka, yote huilegeza kondomu ya mpira ikapasuka. Tumia kilainishi cha maji. Mawese tupikie maharage.

Na ikitokea umefanyiwa usichokitaka, usioge kwanza kwa ajili ya aibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ya dharura ndani ya siku 5 na mapema zaidi ni bora. Hospitali ya Maweni ipo, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Usisubiri kikao cha ukoo ndipo uende, kikao kinaweza kuchukua wiki.

Yule kijana wa Kibirizi na mkewe walirudi mbalamwezi iliyofuata, na karatasi zao zimekunjwa ndani ya daftari la mtoto. Nilichotegemea kukiona, hata nyinyi mnakijua. Mke alikuwa na hapana tatu na labda mbili, na hiyo kanga ya mikononi, kwa mshangao wangu, aliiweka kwenye labda. Sharti lake ni aambiwe kabla, na fundo alifunge mwenyewe.

Karatasi ya mume ilikuwa na hapana tisa.

Nikamuuliza, sasa ile siku ulikuwa unatafuta nini? Akajikuna shingo. "Kambini wote wanafanya, mama. Nikadhani na yeye anasubiri nianze."

Mke akaichukua ile karatasi, akaisoma tena kutoka juu, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

"Hii ya sita," akamwambia, "hata mimi siitaki. Ungesema tu."