"Mimi namtia moyo": dhana potofu kuhusu ulezi wa wanawake katika hisabati

Wiki hii nimeyasikia tena kwa msimamizi mwenzangu: "Mwanafunzi wangu ndiye mwanamke pekee kwenye kundi, kwa hiyo namtia moyo kila tukionana." Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho alisoma rasimu ya uthibitisho wake. Akanyamaza.

Dhana hii inanichosha kuliko zote: kwamba ulezi ni maneno mazuri. Aliyefika uzamivu wa hisabati, tena akitoka katika jamii isiyo na mtu wake hata mmoja idarani, moyo anao tele. Asichonacho ni habari wanazopeana wengine kwenye chai: swali lipi limeiva, jarida lipi linakawia kujibu, nani aombwe barua. Mlezi wa kweli huketi na Lema ya 3 (lema ni hoja ndogo inayosaidia kuthibitisha kubwa) mstari kwa mstari, akaonyesha pale hoja iliporuka hatua. Kwenye kongamano humtambulisha kwa kazi yake: "Huyu ndiye aliyeondoa lile sharti la ukompakti", yaani sharti la kitaalamu lililokuwa likibana matokeo.

Halafu barua za mapendekezo. Nimewahi kusoma moja yenye aya tatu: ana bidii, ni mtulivu, anaelewana na wenzake. Teoremu yake, yaani kauli ya hisabati aliyoithibitisha, haikutajwa hata mara moja! Barua ya mshindani wake ilianza na teoremu, na kamati ikajua la kujadili. Jamani, anzeni na teoremu. Semeni ilikuwa ngumu wapi, na yeye alipitia njia gani. Bidii ije mwisho, nafasi ikibaki.

Dhana nyingine: "Mlezi lazima awe mwanamke mwenzake." Akipatikana, ni heri kubwa. Evelyn Boyd Granville, mmoja wa wanawake Weusi wa kwanza Marekani kupata uzamivu wa hisabati (Yale, 1949), alifundisha Chuo Kikuu cha Fisk; wanafunzi wake wawili wa huko, Vivienne Malone-Mayes na Etta Falconer, wakapata wao mwaka 1966 na 1969. Lakini tukimsubiri mlezi afananaye na mwanafunzi, tunawatwika wale wachache waliopo mzigo wa idara nzima, nao wana utafiti wao wa kumaliza. Kusoma rasimu hakuchagui jinsia.

"Kipaji huonekana mapema." Maryam Mirzakhani, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati, mwaka 2014, alikuwa na mwaka shuleni ambao hisabati ilimwendea vibaya.

"Programu za wanawake hushusha viwango." EDGE, programu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1998 na Sylvia Bozeman na Rhonda Hughes, huwakutanisha wanawake majira ya joto, kabla hawajaanza masomo ya uzamivu, wakasukumana na uchanganuzi na aljebra siku baada ya siku. Anayesema viwango vimeshuka aombe karatasi za mazoezi yao, akae nazo jioni moja.