Nyaraka nyingi si uongozi

Ripoti za mwaka za ofisi zinazosimamia sera za utumishi wa umma hufanana: nyaraka zimetolewa, semina zimeendeshwa, mwongozo mpya umezinduliwa. Kama mtathmini, nikizisoma najua kwamba ofisi ilikuwa na shughuli nyingi. Kama iliongoza, hilo bado sijaliona.

Ugumu uko hapa: ofisi ya aina hii huandika kanuni, lakini wanaotangaza nafasi, kusaili na kupandisha watu vyeo ni wizara na taasisi nyingine. Kwa hiyo ushahidi wa uongozi wake haupatikani kwenye majalada yake yenyewe. Uko kwenye madawati ya watu ambao si watumishi wake.

Mfano ninaoutumia sana ni OPM, ofisi ya watumishi ya serikali ya shirikisho ya Marekani. Ilizaliwa na sheria ya mageuzi ya 1978, ikaanza kazi 1979, ikirithi sehemu kubwa ya majukumu ya tume ya utumishi wa umma iliyotokana na sheria ya 1883. Sera zake zinagusa watumishi wa kiraia takriban milioni 2. Mwaka 2016 GAO, mkaguzi wa Bunge la nchi hiyo, aliangalia njia za kisheria ambazo taasisi zinaweza kupitia kuajiri. Katika mwaka wa fedha wa 2014 zilitumika njia 105, lakini 20 tu kati ya hizo zilibeba takriban asilimia 90 ya ajira mpya. Zaidi ya hapo, OPM haikuwa ikichambua takwimu zake kuona ni njia zipi zinafanya kazi. Ukihesabu idadi ya njia utaisifu ofisi kwa ubunifu. Ukiangalia matumizi, utauliza kwa nini maafisa utumishi wanazikwepa zile nyingine: hawazijui, zina masharti mengi, au hazina faida kwao? Majibu hayo matatu yanadai hatua tatu tofauti, na ofisi isiyojua lipi ndilo haijaanza kuongoza.

Muda wa kuajiri nao hupendwa mno kama kipimo. OPM iliweka shabaha ya siku 80 mwaka 2008, na wastani wa serikali nzima umekuwa ukizunguka siku 100. Kipimo hiki nakitumia kwa tahadhari. Siku nyingine hupotea kwenye upekuzi wa usalama, nyingine mezani kwa meneja ambaye hajasoma orodha ya waombaji aliyopelekewa. Ofisi ya sera haina rungu la kumwamsha. Tena kasi ni rahisi kuipata ukikubali kuajiri yeyote.

Mimi huchukua sera moja na kuifuata hadi inapotua. Kwa miaka mingi waombaji kazi Marekani walijaza dodoso la kujipima wenyewe, na ajabu ni kwamba karibu kila mtu alikuwa bingwa. OPM ikahimiza wataalamu wa fani husika washiriki kuwachuja, na Desemba 2024 ikapitishwa sheria ya kubana mtindo wa kujipima. Basi nahesabu: ni sehemu gani ya matangazo ya kazi inatumia wataalamu, na ni orodha ngapi za waliopita mchujo zinarudi bila mtu kuchaguliwa? Nalinganisha taasisi zilizopata msaada wa ofisi hiyo na zile ambazo hazikuupata. Tofauti hiyo ndiyo mchango wake, au angalau ndiyo makadirio ya karibu zaidi tunayoweza kuyapata, maana taasisi zinazoomba msaada mara nyingi ndizo zilizokuwa na ari tangu mwanzo.

Mwisho huwauliza maafisa utumishi wa taasisi hizo swali moja, bila kuwataja majina: ulipokwama mara ya mwisho kwenye suala la kanuni, ulimuuliza nani? Wengi wakimtaja mwenzao wa wizara ya jirani, alama ya uongozi ninaishusha, hata kama nyaraka zimejaa kabati.