Kodi, Kujenga na Afya Yako

Mpangaji anaugua zaidi kuliko mwenye nyumba?
Kupanga si ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu makazi na afya unahimiza kupunguza msongamano, joto, baridi na hatari za ajali nyumbani. Kifua kikuu huenea haraka watu wanapobanana kwenye chumba kisichopitisha hewa, awe nani mwenye hati. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba akitaka kutoboa dirisha anatoboa, mpangaji lazima aombe.

Kodi ikikaribia nakosa usingizi. Ni kawaida?
Ni kawaida, na usione haya. Hapa Dar es Salaam wengi hudaiwa miezi sita kwa mkupuo, na ya dalali juu yake, kwa hiyo ukifika mwezi wa tano wa kodi hiyo mwili unaingia hofuni: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, hasira zinakuwa karibu. Hofu ikipita, mwili hutulia. Lakini ukiona wiki mbili zimepita huna raha na chochote, hulali au huna hamu ya kula, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo. Ukifikia kuwaza kujidhuru, usisubiri hata siku moja, na usikae peke yako.

Kinachoniumiza zaidi ni kuhamahama. Mtoto anabadilishiwa shule, mama anampoteza jirani aliyekuwa akimwachia mtoto, na mwenye dawa za kifua kikuu au ARV anakatisha dozi kwa sababu kliniki sasa iko mbali. Kabla ya kuhama, omba barua ya uhamisho kliniki na uchukue dawa za kukufikisha.

Basi nijenge haraka?
Kwako kuna utulivu wake, sibishi. Ila nimeona familia zikila mlo mmoja ili nyumba ipauliwe, kisha zikahamia kwenye pagale lisilo na choo wala nyavu za madirishani. Hapo umekimbia kodi ukakutana na malaria na kuhara. Choo, maji na nyavu vitangulie. Vigae na rangi vitasubiri.

Ukuta una unyevu na ukungu, mwanangu ana pumu. Nifanyeje?
Sogeza kitanda mbali na ukuta huo, fungua madirisha mchana, mtaarifu mwenye nyumba kwa maandishi. Na jiko la mkaa lisilale ndani hata mvua ikinyesha: hewa yake ya sumu haina harufu.